Simu ni yako, lakini kufuli ni la nani?

Mwezi wa tano mwaka 2025 mdogo wangu alikuja nyumbani akiwa amenuna. WhatsApp ilikuwa imekufa katika simu yake, iPhone 6 aliyoinunua okazioni kwa makuta ya kazi ya miezi kadhaa. Alidhani kuna mtu amemshitaki mtandaoni na numero yake imefungwa. Kumbe haikuwa hivyo. Tangu tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp haikubali tena iPhone yenye mfumo ulio chini ya iOS 15.1, na iPhone 6 iliishia kwenye iOS 12. Ukiingia kwenye mipangilio, pale panapoandikwa « mise à jour », simu inakujibu kwamba mfumo wako ni wa mwisho. Ndiyo, ni wa mwisho kwa simu ile. Dunia nyingine imeendelea.

Tukaenda Birere kwa fundi. Kijana yule aliitazama simu nusu dakika tu, akasema: « Mukubwa, hiyo si shida. Naivunja kufuli, naiweka WhatsApp ingine, kesho unachukua. » Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, na mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutoa karte SIM. Nilimwomba asubiri. Alinitazama kama mtu anayemnyima chakula. Maandishi haya ni yale niliyotaka kumwambia pale pale, katikati ya kelele za jenereta, nikakosa maneno.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, kwa sababu mezani pa fundi mambo matatu tofauti huitwa kwa jina moja la « kufungua simu ». La kwanza ni kudekode: simu iliyotoka Ulaya au Marekani ikiwa imefungwa kwa kampuni moja ya mawasiliano inafunguliwa ili ikubali karte zetu. Hilo halina ubaya wowote, na halidhoofishi usalama wa simu likifanywa vizuri. La pili ni kupita akaunti ya mwenye simu wa kwanza, ile simu inayouliza barua pepe na neno la siri la mtu usiyemjua. Hapo mara nyingi tunazungumzia simu iliyoibwa, na sitapoteza wino kuitetea. La tatu ndilo lililokuwa mezani kwetu: kuvunja kufuli ambalo mtengenezaji ameliweka ndani ya mfumo wa simu yenyewe, ili uweze kuweka programu asiyoiruhusu na kugusa sehemu alizozificha. Kwa iPhone, Waingereza wameiita kazi hiyo kuvunja jela. Kwa Android, vijana wetu husema kuruti simu.

Je, mwenye simu ana haki ya kufanya hivyo? Jibu langu ni ndiyo, na sioni aibu kulisema. Ukinunua shoka, muuzaji hakuambii ukate miti gani.

Ubishi huu una umri karibu sawa na iPhone yenyewe. Simu ile ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwezi wa sita mwaka 2007, na kabla mwaka haujaisha vijana walikuwa wameshalivunja kufuli lake. Wakati huo hapakuwa hata na duka la programu. Waliovunja kufuli ndio walikuwa wa kwanza kuweka programu za watu wengine katika simu hiyo. Shirika la kutetea haki za watumiaji wa teknolojia, EFF, liliomba ofisi ya hakimiliki ya Marekani itamke kwamba kufanya hivyo si kosa. Kampuni ya Apple ilipinga. Mwaka 2009 ilifika hadi kuieleza ofisi hiyo kwamba simu iliyovunjwa kufuli ingeweza kutumiwa kuangusha minara ya mawasiliano. Tarehe 26 Julai 2010 uamuzi ulitoka: kuvunja kufuli la simu yako ili kuweka programu zilizopatikana kihalali hakukiuki sheria ya hakimiliki. Minara ya Marekani bado imesimama.

Kwa hiyo wale wanaomtazama fundi wa Birere kama mhalifu wanakosea. Lakini mdogo wangu naye alikuwa anakosea, na kosa lake ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa ni kosa la wengi wetu.

Ili kufuli la iPhone livunjwe, lazima kuwe na tundu. Fundi hana ufunguo; anapita mahali ambapo waliouandika mfumo walikosea. Na tundu lile lile analopitia fundi, mwizi naye anaweza kulipitia. Sasisho la usalama ndicho kiraka kinachoziba tundu hilo. Hapo ndipo mambo mawili yanagombana: ukiweka sasisho, tundu linazibwa na kufuli linarudi, ukitaka simu yako ibaki wazi, unapaswa kukataa sasisho. Anayevunja kufuli leo anaanza kukwepa viraka kesho, na baada ya miezi michache simu yake ina tundu alilolitaka pamoja na mengine mengi asiyoyajua.

Kuna kisa cha mwaka 2011 ambacho ningependa kila mtu akijue, kwa sababu kinawapa haki pande zote mbili. Kijana Mmarekani aliyejiita comex alitoa tovuti iliyovunja kufuli la iPhone na iPad kwa kuifungua tu na kugusa mara moja. Siri ilikuwa ni faili la PDF lenye maandishi yaliyotengenezwa kwa hila. Simu ikijaribu kulionyesha, inadanganyika. Ilikuwa tarehe 6 Julai. Fikiria maana yake: kama tovuti inaweza kuivunja simu yako kwa faida yako, tovuti nyingine inaweza kuivunja kwa hasara yako. Serikali ya Ujerumani ilitoa onyo. Apple ilileta kiraka tarehe 15 Julai, siku 9 baadaye. Lakini comex mwenyewe alikuwa ametoa kiraka chake siku ile ile ya kwanza, na kiraka hicho kiliwekwa tu kwenye simu zilizovunjwa kufuli. Kwa siku 9, walio salama zaidi dhidi ya tundu hilo walikuwa wale waliokataa jela, na waliotii ndio walibaki bila kinga. Sijaona mfano bora wa kuonyesha kwamba kutii mtengenezaji na kuwa salama si kitu kimoja.

Hata hivyo comex alikuwa mtu mwema aliyeziba tundu alilolipitia. Wengi hawako hivyo. Novemba 2009 huko Australia kijana mmoja alitoa kirusi kilichoruka kutoka iPhone hadi iPhone, zile tu zilizovunjwa kufuli, kwa sababu wenyewe walikuwa wameweka programu ya kuingia katika simu kwa mbali na kusahau kubadilisha neno la siri la kiwandani, ambalo ni moja kwa simu zote na linajulikana duniani kote. Kirusi hicho kilibadilisha picha ya skrini tu, kikaweka sura ya mwimbaji Rick Astley. Watu walicheka. Siku chache baadaye kilikuja kingine kwa njia ile ile, na hicho kiliwalenga wateja wa benki huko Uholanzi. Mwaka 2015 watafiti walikuta akaunti zaidi ya 225,000 za Apple zimeibwa na programu iliyosambaa kwenye simu zilizovunjwa kufuli, nyingi zikiwa China.

Kisha kuna mwaka 2016, ambao unatugusa sisi waandishi na watu wa mashirika ya kiraia moja kwa moja. Mwezi wa nane, mtetezi wa haki za binadamu Ahmed Mansoor, katika Falme za Kiarabu, alipokea ujumbe wa simu uliomwahidi siri juu ya mateso magerezani. Kulikuwa na linki. Hakuigusa, aliituma kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Walikuta kwamba linki ile ilibeba mnyororo wa matundu matatu ambayo Apple ilikuwa haiyajui, na mwisho wa mnyororo huo ulikuwa programu ya ujasusi ya Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israeli. Kazi ya kwanza ya mnyororo huo ilikuwa nini? Kuvunja kufuli la iPhone, kimya kimya, mwenye simu asijue. Ni kazi ile ile ya fundi wa Birere, ila bila kuombwa na bila kulipwa na mteja. Apple ilitoa sasisho la iOS 9.3.5 tarehe 25 Agosti, siku 10 baada ya kuambiwa. Aliyeliweka jioni ile alifunga mlango huo. Aliyesema « nitafanya kesho, mega zimeisha » aliuacha wazi. Mansoor mwenyewe alikamatwa mwaka uliofuata, na mwaka 2018 akahukumiwa miaka 10 jela.

Huenda utasema: mimi si Mansoor, nani atanunua programu ya ujasusi kwa ajili yangu? Ni kweli, karibu hakuna. Lakini tazama simu yako inabeba nini. Tangu mwisho wa Januari 2025, benki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu, mshahara, ada ya shule, dawa ya mama na pesa za ndugu aliye Kampala au Brussels vyote vinapitia numero ya simu. Simu imekuwa benki, na kwa wengine ni benki pekee. Na ingawa kutuma pesa kunafanyika kwa kupiga nyota na namba hata kwenye simu ya vitufe, nambari za kuthibitisha akaunti zetu huja kwa SMS, na programu mbaya iliyopata mamlaka yote ndani ya simu inazisoma kabla yako. Simu iliyovunjwa kufuli vibaya imempa mamlaka hayo mtu ambaye hata jina lake hulijui.

Tena kuna majina. Mwandishi wa habari, mwanaharakati, daktari wa kijijini, mama wa kikundi cha akina mama: simu zao zina majina ya watu waliosema jambo kwa kuamini kwamba litabaki siri. Kwenye bariera mtu anaweza kuambiwa atoe simu. Hapo suala si linki tena, ni mkono. Septemba 2019 mtafiti anayejiita axi0mX alitangaza tundu aliloliita checkm8, lililo ndani ya chipu za iPhone kuanzia 4S hadi X. Hakuna sasisho linaloweza kuliziba, kwa kuwa maagizo yenye kosa yalichongwa katika chipu kiwandani. Linahitaji mtu awe na simu yako mkononi na kebo. Peke yake halisomi yaliyofungwa kwa neno la siri, ndiyo maana neno la siri refu lenye herufi bado lina thamani, na namba nne za mwaka wa kuzaliwa hazina. Simu hizo, 6, 7, 8 na X, ndizo zimejaa kwenye meza za okazioni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wataalamu wa mbali hawaliulizi: kwa nini watu wetu hawasasishi simu? Hupenda kusema ni ujinga. Si ujinga. Sasisho kubwa la iPhone ni gigabaiti kadhaa. Kwa mtu anayenunua mega za siku, hiyo ni pesa ya chakula. Simu inataka chaji ya kutosha, na umeme umekatika. Simu inataka nafasi, na nafasi imejaa picha za harusi. Kisha kuna hofu kwamba sasisho litaifanya simu iwe nzito. Hofu hiyo mimi mwenyewe niliidharau hadi Desemba 2017, Apple ilipokiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza mwendo wa baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ikisema inazuia zisizimike ghafla. Wateja hawakuwa wameelezwa. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaeleza. Basi mama wa soko la Virunga aliyekuwa anasema « hizi mise à jour zinaua simu » hakuwa anaota.

Na mtu huyo huyo akiambiwa amwamini mtengenezaji, ana haki ya kuuliza: mtengenezaji gani? Agosti 2020 watafiti walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu mbaya ya Triada ndani yake zikiwa mpya, na programu hiyo ilikuwa ikijaribu kuwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Kampuni mama ilisema kosa lilikuwa la mmoja wa wauzaji katika mnyororo wa kuzitengeneza. Kwa mwenye simu ilikuwa ni mega na krediti zinazoyeyuka.

Lakini kutoka hapo kwenda kwa fundi na kusema « vunja, weka WhatsApp ingine » ni kuruka kutoka kwenye moshi na kuingia motoni. Hizo WhatsApp nyingine, zenye rangi na uwezo wa kuona ujumbe uliofutwa, hakuna anayezikagua. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta Triada hiyo hiyo ndani ya toleo moja la FMWhatsApp. Mdogo wangu alikuwa anataka kurudishiwa marafiki zake. Angeweza kumkabidhi mgeni mazungumzo yote ya familia.

Nasema basi kwamba ubishi wa kuvunja au kutovunja umewekwa mahali pasipo pake. Marekani unaweza kuwa ubishi wa uhuru, kati ya kijana anayejua anachofanya na kampuni inayotaka kulinda duka lake. Kwetu, wengi wanaovunja kufuli hawatafuti uhuru. Wanatafuta siku chache zaidi za maisha kwa simu ambayo mtengenezaji ameiacha. Swali letu ni hilo la kuachwa.

Tazama mfano wa simu mbili zinazofanana kama mapacha. iPhone 6 ilitoka mwaka 2014, ikaishia iOS 12, na leo haina WhatsApp. iPhone 6s ilitoka mwaka 2015. Inafika iOS 15, na mwaka 2025 ilikuwa bado inapokea viraka vya usalama. Herufi moja tu, « s », na kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi. Hakuna muuzaji aliyemweleza mdogo wangu, pengine kwa kuwa naye hakujua.

Kwa Android mambo ni magumu zaidi. Julai 2015 ilijulikana kwamba tundu lililoitwa Stagefright lingeweza kuiteka simu kwa ujumbe mmoja wa video, na simu zilizokuwa hatarini zilikadiriwa kuwa milioni 950. Mwezi uliofuata Google ilianza kutoa viraka kila mwezi. Lakini kiraka cha Google hakiji moja kwa moja mfukoni mwako. Kinapitia kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, na kila mmoja anaweza kukiacha njiani. Simu za bei kubwa leo zina ahadi nzuri: Google ilitangaza miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu za bei ya chini, zile tunazonunua sisi, mara nyingi hazina ahadi yoyote iliyoandikwa. Maskini anauziwa simu yenye umri mfupi, kisha anahesabiwa kosa kwa kutosasisha kitu kisichokuwapo.

Wengine wameamka. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inamlazimisha mtengenezaji kutangaza kwa muda gani atatoa viraka vya usalama. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazowekwa sokoni huko zinapaswa kupata masasisho kwa miaka 5 angalau baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Koltani ya Rubaya inakwenda huko ndani ya simu zenye miaka yake ya kinga. Zinaporudi kwetu okazioni, miaka hiyo imeshaliwa.

Na serikali yetu? Hapa hatuwezi kuambiwa kwamba haina uwezo wa kujua simu zetu. Mwaka 2020 ilianzisha RAM, daftari la simu, na wenye simu za 3G na zaidi wakakatwa hadi dola 7 kwa mwaka kutoka kwenye krediti zao. Tuliambiwa ni kutulinda na simu bandia na za wizi. Wananchi walipiga kelele, wabunge wakauliza maswali, na mwanzoni mwa mwaka 2022 makato yale yakafutwa. Kwa hiyo mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ARPTC, ilijua namna ya kuitambua kila simu ilipokuwa ya kutozwa. Tangu Machi 2023 tuna pia sheria ya numeriki. Tunachoomba ni kidogo, na hakihitaji kukata hata franka moja: tarehe. Kila simu mpya inayoingia kwa njia ya halali iwe na tarehe kwenye boksi, mwezi na mwaka, viraka vya usalama vinapokoma. Muuzaji wa okazioni naye aweze kuiangalia tarehe hiyo mahali pa wazi kwa jina la simu. Najua kwamba kwa sasa si kila ofisi ya Kinshasa inaweza kufanya kazi yake katika miji yetu. Boksi la simu, lakini, linachapishwa kiwandani, na agizo likitolewa linafika hata mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Ombi la pili ni kwa watengenezaji. Siku mnayoacha kuitunza simu, fungueni kufuli lake. Kwa Android kuna mifumo kama LineageOS, inayoandikwa na watu wa kujitolea, ambayo huipa simu iliyoachwa viraka vipya kwa miaka zaidi. Hapo ndipo kufungua simu kunaongeza usalama badala ya kuupunguza, ingawa hakuzibi kila kitu ndani ya chipu na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi. Lakini ili uiweke, mtengenezaji lazima akuruhusu. Huawei iliacha kutoa ruhusa hiyo mwaka 2018. Kwa simu nyingi za bei ya chini hakuna hata mtu aliyeandaa mfumo wa namna hiyo. Mtengenezaji anayekataa kuziba tundu na papo hapo anakataa wengine waingie kuliziba hana hoja ya usalama tena.

Nikabaki na fundi. Nilirudi kwake peke yangu wiki iliyofuata, bila simu ya kutengeneza, na tukaongea muda mrefu akiwa anabandua kioo cha Samsung. Ana kompyuta, ana intaneti usiku inapokuwa nafuu. Nilimuuliza kama faili la mfumo wa iPhone 8 akilipakua mara moja anaweza kuliweka kwenye simu kumi za aina hiyo kwa kebo. Alicheka: bila shaka, ndivyo anavyozifufua zilizokwama. Na bila kufuta picha za mtu? Ndiyo, mradi uchague kusasisha, si kurudisha upya, na uhifadhi nakala kwanza. Basi kwa nini asiiuze kazi hiyo? Mteja asiyeweza kununua gigabaiti tano angelipa kidogo, aketi, anywe chai, aondoke na viraka vyote. Fundi alinyamaza kidogo. Akasema hakuna mteja aliyewahi kuiomba. Wote wanaomba kuvunjiwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wazee wanavyosema, na mafundi wetu ndio wenye mwiko mkononi. Kama nina neno kwa chama chochote cha mafundi wa simu Goma, Bukavu, Butembo au Uvira, ni kwamba wabandike kikaratasi mezani: tunasasisha simu hapa. Na kama una iPhone 6s, 7, 8 au X, iulize leo kama ina sasisho. Huenda lipo na hujaliona. Simu yenye akaunti yako ya pesa usiivunje kufuli. Ukitaka kujifunza kuvunja, na ni elimu nzuri, tumia simu nyingine isiyo na karte wala majina ya watu.

Mdogo wangu aliiuza ile iPhone 6 kwa mtu anayesikiliza tu muziki, baada ya kumweleza wazi kwamba haina WhatsApp. Aliongeza makuta kidogo, akapata 6s iliyokwaruzwa kioo. Kabla ya kulipa alimwambia muuzaji aifungue kwenye mipangilio amwonyeshe namba ya mfumo. Muuzaji alishangaa, akasema ni mara ya kwanza mtu anamwomba hivyo.